Dakika 105 na dakika 106: Funzo la chumba cha oksijeni kwa bima yetu ya SHA

Huko Marekani dakika moja yaweza kuwa na bei ya nusu saa. Mgonjwa akilala ndani ya chumba cha oksijeni ya shinikizo kwa dakika 105, hospitali yake huidai Medicare, ile bima ya serikali kwa wazee, vipimo 3 vya malipo. Akilala dakika 106, vipimo vinakuwa 4. Kidonda chake hakijui tofauti ya dakika hiyo. Karani wa madai anaijua vizuri sana.

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeshinda na ankara na risiti. Kwa hivyo ninaposikia habari ya tiba mpya, mashine yenyewe hainishughulishi sana. Nauliza nani analipwa, analipwa kwa kipimo gani, na nani anakagua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hospitalini hata mguu wa mtu waweza kupotea kwa njia hiyo hiyo.

Tiba ya oksijeni ya shinikizo ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa sababu Wamarekani wameilipia kwa miongo mingi, wameibiwa, wamekagua, wamebadilisha kanuni, na yote yameandikwa. Sisi ndio kwanza tuko na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024 baada ya NHIF kuondoka. Viwango vya malipo bado vinapangwa na kupanguliwa. Ni heri tujifunze kwa aliyekwisha kujikwaa kuliko kujikwaa sisi wenyewe.

Chumba hiki ni kitu gani

Mgonjwa huingizwa ndani ya chumba cha chuma au mtungi mkubwa unaoona ndani, mlango ukafungwa, na shinikizo likaongezwa mpaka likafika mara 2 hadi 3 ya lile la hewa ya kawaida. Humo huvuta oksijeni safi. Kwa shinikizo hilo oksijeni haibebwi na chembe nyekundu za damu peke yake. Huyeyuka katika maji ya damu, ikafika hata pale ambapo mishipa imebana na damu inapita kwa shida.

Asili ya tiba hii ni baharini, na sisi watu wa Pwani tungepaswa kuijua kuliko wengine. Kila unapozama mita 10, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi huko chini, naitrojeni humwingia na kutulia kwenye damu na nyama. Akipanda polepole, hutoka kwa pumzi. Akipanda kwa pupa, hufanya mapovu mwilini, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Mapovu hayo yakigusa uti wa mgongo, mtu hutoka majini akiwa mzima na baada ya muda miguu ikafa ganzi, mkojo ukagoma kutoka. Wapo watakaosema amepigwa na jini wa bahari.

Dawa yake ni oksijeni mara moja, tangu mashuani kama ipo, kisha kumrudisha kwenye shinikizo ndani ya chumba. Kumzamisha tena baharini ili apone ni hatari juu ya hatari. Ratiba inayotumika sana duniani, iliyotoka kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani, humweka mgonjwa kwenye shinikizo la kina cha mita 18 na huchukua saa 4 na dakika 45, kabla ya kuongezwa muda ikiwa hajapata nafuu.

Mombasa haijasahau Septemba 29, 2019, siku gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likiwa na mama na bintiye. Liliopolewa Oktoba 11, kutoka kina cha kama mita 58. Katika siku hizo nchi nzima ilijifunza kwamba kushuka na kupanda majini si sawa na kupanda ngazi za nyumba. Jeshi la Wanamaji hapa Mombasa limekuwa na chumba cha shinikizo, na wapiga mbizi wa Diani na Watamu kwa miaka mingi wamekuwa wakiambiwa huko ndiko kwa kukimbilia.

Lakini mtalii huja na bima yake. Shirika la Divers Alert Network, lililoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980, limejengwa juu ya jambo hilo: simu ya dharura saa 24, na bima maalumu ya wapiga mbizi. Mwanajeshi ana jeshi lake. Kijana wa Shimoni au Vanga anayetafuta majongoo wa bahari hana hili wala lile. Sheria yetu hairuhusu kuvua kwa mitungi ya hewa, na ni sheria ya haki, kwa sababu inalinda bahari na inalinda vijana. Hata hivyo mtu aliyepooza hatibiwi kwa kusomewa sheria.

Kundi la pili ni kubwa zaidi: watu wa sukari wenye vidonda vya miguu visivyopona. Hapa ndipo pesa zilipo, na hapa ndipo hesabu za Marekani zilipochafuka.

Marekani walivyolipa, na walivyoliwa

Medicare haiilipii mashine. Huulipia ugonjwa. Kanuni yake ya taifa inataja magonjwa 15 tu ambayo tiba hii italipiwa. Yamo ya dharura: ugonjwa wa wazamiaji, hewa kuingia kwenye mishipa ya damu, sumu ya moshi wa makaa, vidonda vinavyooza kwa gesi. Yamo ya muda mrefu: mifupa na nyama zilizoharibiwa na mionzi ya saratani, maambukizo sugu ya mifupa. Na tangu Aprili 2003 vimo vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari, kwa masharti matatu.

Kwanza, mtu awe na ugonjwa wa sukari na kidonda kiwe kimetokana nao. Pili, kidonda kiwe daraja la 3 au zaidi kwa kipimo cha Wagner, yaani kimezama mpaka kwenye mfupa, au kina usaha wa ndani, au nyama zimeanza kufa. Tatu, awe ametibiwa kwa njia za kawaida siku 30 bila dalili ya kupona inayoweza kupimwa. Njia hizo zimetajwa pia: kukagua mtiririko wa damu na kuurekebisha ikiwezekana, kudhibiti sukari, lishe, kuondoa nyama iliyokufa, kufunga kidonda ipasavyo, kukipunguzia mguu uzito, kutibu maambukizo. Hata akishaanza kuingia chumbani, kidonda hupimwa angalau kila siku 30. Kama hakuna maendeleo, malipo husimama.

Ukiisoma kanuni hiyo utasema haina pa kupenya. Sasa tazama yaliyotokea.

Mwaka 2000 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitoa ripoti kwamba dola milioni 14.2 zililipwa kimakosa kwa tiba hii, ama kwa magonjwa yasiyokuwemo kwenye orodha ama kwa maandishi yasiyotosha kuthibitisha ugonjwa. Dola nyingine milioni 4.9 zilikwenda kwa vikao vya kupita kiasi. Miaka 18 baadaye, mkaguzi huyo huyo alichunguza madai yaliyolipwa 2013 na 2014 kupitia kampuni moja inayoilipia Medicare. Katika madai 120 aliyoyachagua, 102 hayakutimiza masharti. Alikisia kwamba dola milioni 42.6 zilitoka bila kustahili.

Tuwe waadilifu hapa. Dai lisilotimiza masharti si lazima liwe la wizi. Mara nyingi daktari alimtibu mgonjwa kweli, ila hakuandika siku 30 za matibabu ya kawaida, au hakuandika daraja la kidonda, au hakurudi kukipima. Lakini mlipaji haoni moyo wa daktari. Anaona faili. Na faili lisiposema, mwizi na mzembe wanafanana.

Tatizo jingine lilikuwa kwenye kipimo cha malipo chenyewe. Tangu Januari 2015 hospitali za Marekani hutumia nambari moja, G0277, kudai kila nusu saa ndani ya chumba. Dakika za kushuka, za mapumziko ya kuvuta hewa ya kawaida, na za kupanda huhesabiwa zote. Nusu saa inayofuata hulipwa ikiwa mgonjwa amekaa angalau dakika 16 ndani yake. Dakika 76 hadi 105 ni vipimo 3, dakika 106 hadi 135 ni vipimo 4. Daktari naye ana nambari yake, 99183, kwa kila kikao anachohudhuria na kukisimamia.

Ukimlipa mtu kwa nusu saa, atakuuzia nusu saa. Sisemi madaktari ni wabaya. Nasema hata mvuvi akilipwa kwa uzito wa samaki, barafu nayo itapanda kwenye mizani kama hakuna anayeangalia.

Dawa waliyoijaribu ilikuwa ruhusa ya mapema. Kuanzia 2015 hadi 2018, katika majimbo ya Michigan, Illinois na New Jersey, hospitali zilitakiwa kupeleka faili la mgonjwa kabla ya kumtibu kwa magonjwa yasiyo ya dharura. Ruhusa moja iliweza kufika vikao 36 kwa mwaka. Aliyetibu bila kuomba, dai lake lilichunguzwa kabla ya kulipwa. Angalia busara iliyomo: mzamiaji aliyepooza hakutakiwa kungoja karani. Mwenye kidonda cha miezi mitatu ndiye aliyetakiwa faili lake lisomwe kwanza, na kusomwa huko kunamlinda yeye pia asipelekwe chumbani kabla hajatibiwa yale ya msingi.

Je, tiba yenyewe inafaa?

Kwa ugonjwa wa wazamiaji hakuna ubishi. Kwa vidonda vya sukari, wanasayansi wenyewe wanavutana. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2010 uliwafuata wagonjwa 94 kwa mwaka mmoja. Miongoni mwa waliopata oksijeni ya shinikizo, asilimia 52 walipona kidonda, dhidi ya asilimia 29 ya wale walioingizwa chumbani wakapewa hewa ya kawaida bila wao kujua. Kisha ukaja wa Uholanzi mwaka 2018, wa wagonjwa 120 wenye vidonda vya sukari na mishipa iliyobana. Huo haukuona tofauti ya kutegemewa katika kupona wala katika kuokoa mguu, na wengi hawakuweza kumaliza vikao vyote.

Mtu mwenye akili timamu akiyasoma yote mawili atasema hivi: tiba hii yaweza kumsaidia mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, baada ya mengine yote kufanywa, na haiwi badala ya mengine hayo. Haya yanalingana na masharti ya Medicare. Hayalingani na matangazo yanayozunguka kwenye simu zetu, ya vyumba vya kitambaa vinavyojazwa hewa kwa shinikizo la mara 1.3 tu, vikiahidi ngozi changa, kuondoa uchovu na kuponya usonji. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya zaidi ya mara moja juu ya madai ya aina hii.

Onyo hilo lina damu ndani yake. Januari 2025, katika mji wa Troy jimboni Michigan, mtoto wa miaka 5 alikufa chumba cha oksijeni kilipolipuka kwa moto akiwa ndani. Alikuwa amepelekwa kwa matatizo ambayo FDA haijaidhinisha yatibiwe hivyo. Watu wanne wa kituo hicho walishtakiwa mahakamani Machi mwaka huo. Oksijeni safi chini ya shinikizo haisamehi. Cheche ndogo ya nguo ya nailoni inatosha. Mwaka 1997 watu 11 waliteketea ndani ya chumba kimoja hospitalini Milan, Italia.

Ndiyo maana chama cha taaluma hii huko Marekani, Undersea and Hyperbaric Medical Society, kilichoundwa 1967, husisitiza mafunzo. Daktari huanza na kozi ya saa 40, na anayetaka ubingwa kamili husoma mwaka mzima zaidi. Fundi na muuguzi wana vyeti vyao vya kutahiniwa. Kituo nacho hukaguliwa na kupewa ithibati. Kuna mvutano hapa ambao bado unaendelea: tangu Januari 1, 2020 Medicare ililegeza usimamizi wa huduma nyingi za wagonjwa wa nje hospitalini, daktari asilazimike kuwa karibu muda wote. Lakini ile nambari 99183 ni ya daktari aliyehudhuria. Hawezi kuidai akiwa nyumbani. Kwa ufupi, kanuni inamwambia daktari: ukitaka kulipwa kama uliyekuwepo, basi uwepo.

Yanatuhusu vipi

Msomaji ataniuliza: SHA inahangaika na dawa za kawaida na malimbikizo ya madeni ya hospitali, wewe unatuletea vyumba vya oksijeni? Swali lake ni la haki. Chumba cha oksijeni si tatizo kubwa la SHA. Nimekichagua kwa sababu ni huduma ghali, ya vikao vingi, kwa mgonjwa aliyekata tamaa. Huduma zote za namna hiyo hupita njia moja. Usafishaji wa figo ni jirani yake wa karibu: unalipwa kwa kikao, shilingi 10,650, mara mbili kwa wiki, na maisha ya watu wetu wengi yananing'inia hapo.

Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa nchini kwa tuhuma za udanganyifu katika madai. Mbinu zilizotajwa hazikuwa ngeni: mgonjwa wa nje kuandikwa kuwa amelazwa, huduma ndogo kudaiwa kwa bei ya kubwa, madai ya watu ambao hawakutibiwa. Ni hadithi ya Medicare kwa Kiswahili. Kila mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mama mboga wa Kongowea na mvuvi wa Kipini wanatakiwa kutoa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Pesa hizi ni amana, na kwetu sisi amana hairudishwi nusu.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 imeweka jopo la kushauri kuhusu huduma na viwango vya malipo. Viongozi wetu wa Pwani, magavana na wabunge, wangelipelekea jopo hilo mambo manne.

La kwanza, ulipiwe ugonjwa. Kiwango chochote cha huduma ghali kiandikwe pamoja na jina la ugonjwa, daraja lake, na yale ambayo lazima yawe yamefanywa kabla. Kuandika bei ya kikao peke yake ni kufungua duka.

La pili, dharura na isiyo dharura zitenganishwe kabisa. Mzamiaji aliyepatwa baharini atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Sheria hiyo hiyo imeunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Ugonjwa wa wazamiaji utajwe humo kwa jina, kwa sababu ni ajali ya kazi ya watu wa Pwani kama vile kuangukiwa na mawe ilivyo kwa wachimba migodi wa bara. Na pawepo mpango ulioandikwa kati ya kaunti zetu na jeshi, ili daktari wa zahanati ya Shimoni ajue ampigie nani simu saa nane za usiku. Kujuana kusiwe ndio mfumo.

La tatu, tathmini kila siku 30. Kidonda kipimwe kwa rula, kipigwe picha, kiandikwe. Kama kinapona, malipo yaendelee. Kama hakiponi, daktari abadilishe njia. Kanuni hii haihitaji chumba cha oksijeni. Yaweza kuanza kesho kwa kila kidonda cha sukari kinachofungwa bandeji katika kliniki zetu za Kilifi, Lamu au Taita Taveta.

La nne, ya msingi yalipiwe vizuri kabla ya mashine. Hapa ndipo Wamarekani wametushinda hata kwenye makaratasi. Kanuni yao inamlazimisha daktari kukagua mishipa, kudhibiti sukari na kuupunguzia mguu uzito kabla hajafikiria oksijeni. Sisi tuna wagonjwa wanaofika hospitali ya rufaa wakiwa na kidonda cheusi kwa sababu miezi yote ya nyuma hakuna aliyewavua viatu akatazama nyayo. Bima ikilipa kukata mguu na isilipe kiatu cha kuuokoa, miguu itakatwa.

Kuna pingamizi moja la kweli, na sitalikwepa. Ruhusa ya mapema hucheleweshwa. Karani wa Nairobi asiyemjua mgonjwa aweza kukalia faili wiki mbili huku kidonda kinapanda. Madaktari wa Marekani wanalalamika hivyo hivyo. Jibu langu ni kwamba ruhusa iwe na saa. Mlipaji asipojibu katika siku zilizowekwa, ihesabiwe amekubali. Ukaguzi usio na muda wa mwisho ni mateso ya aina nyingine, na hospitali iliyocheleweshewa malipo ndiyo inayojifunza kuongeza vikao vya uongo ili ifidie.

Kwa wanaotibu na wanaotibiwa

Vijana wetu wanaosoma udaktari na uuguzi wanaweza kuiangalia taaluma hii kwa macho mapana. Ukanda wenye bahari, watalii, bandari na sukari nyingi kiasi hiki unahitaji watu wake wenye ujuzi wa tiba ya wazamiaji. Lakini wajue kwamba nusu ya kazi ni kuandika: saa mlango ulipofungwa, shinikizo lilifika wapi, saa ulipofunguliwa, nani alikuwa amesimama pale, na kidonda kilikuwa na ukubwa gani. Atakayeona kuandika ni kazi ya karani, siku ya mkaguzi atamtafuta karani huyo amtetee.

Kwa jamaa za wagonjwa, nimekaa kwenye vikao vingi vya michango mtaani. Dhahabu ya harusi imeuzwa, kiwanja kimewekwa rehani, na hakuna aliyemuuliza daktari swali hata moja kwa kuona haya. Kuuliza si utovu wa adabu. Kabla hujalipia kikao cha kwanza cha tiba hii, popote itakapotolewa, ndani ya nchi au India, uliza haya:

Ugonjwa wa mgonjwa wetu unaitwaje kwa jina kamili, na kidonda kiko daraja gani? Mishipa ya mguu imepimwa, na majibu yako wapi? Ni vikao vingapi, na mtapima lini kama vinasaidia? Kama havisaidii baada ya mwezi, mtafanya nini? Daktari atakuwa chumbani au karibu, na amesomea tiba hii wapi? Kituo kina leseni ya KMPDC, na moto ukitokea mna utaratibu gani? Na mwisho: bima italipa kiasi gani, kwa maandishi, kabla hatujauza kitu?

Mwenye tiba ya kweli atayajibu yote akiwa ameketi. Atakayekasirika, chukua faili la mgonjwa wako uondoke, na faili hilo ni haki yako.

Medicare ilianza kulipia vidonda vya sukari mwaka 2003 ikiwa na masharti yote kwenye karatasi, na miaka kumi baadaye bado madai 102 katika 120 hayakutimia. Karatasi pekee haikutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kulifungua faili kabla pesa hazijatoka. SHA ina karatasi zake tayari. Swali la kuwauliza wabunge wetu watakaporudi kutuomba kura 2027 ni hilo moja tu: nani anafungua faili, na kwa siku ngapi?